Utepe Mwembamba wa Bohdan Lesiuk

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo wa jimbo letu la Saskatchewan. Mkurugenzi wetu, Dakta Pelletier. Wakulima mlioacha mashine zenu mashambani katikati ya mavuno. Mama Halyna, uliyetuazima mume wako miaka yote hii. Ndugu wageni waalikwa, hamjambo?

Mimi ni Adeline Friesen, mzalishaji wa mbegu za ngano. Nimepewa heshima ya kumuaga Bohdan Lesiuk, mtunzi wa programu za kompyuta, anayestaafu leo.

Je, mnajua kwamba ndani ya punje moja ya ngano zimo aina tatu za nyasi za porini, zilizokutana zamani za kale, na kila moja bado inatunza maandishi yake ya urithi? Mashine zetu huyasoma maandishi hayo vipande vipande, kisha kompyuta huviunga. Lakini nyasi zile zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kompyuta ikifika njia panda, pale kipande kinapoweza kuungwa na viwili, huchagua njia moja na kuitupa nyingine. Bohdan hakukubali. Alitunga programu inayochora njia zote kwenye skrini kama tepe za rangi, ukaweza kuzivuta, kuzikuza na kuzifuata kokote ziendako.

Nilikuwa na ngano niliyoilea tangu nilipoajiriwa. Ugonjwa wa kutu ya shina ulipoingia, shamba lote likakauka kama limeungua, ila humo humo mashina machache yakabaki mabichi. Tulichuma majani ya shamba zima, tukasoma maandishi yake yote kwa pamoja. Jeni ya kinga dhidi ya kutu haikuonekana. Kamati ya mbegu ikasema mashina yale yalibahatika tu, mbegu yote itupwe.

Niliingia ofisini kwa Bohdan nikiburuta miguu. Alikuwa anakula pirogi, zile sambusa za kuchemsha, alizofungashiwa na Mama Halyna.

“Dada Adeline, umefiwa?”

“Nimefiwa na ngano.”

“Basi vuta kiti. Maiti hazikwi bila kuonwa.”

Akaifungua ngano yangu kwenye skrini. Ndugu zangu, nilikuwa nimeisoma kwa takwimu tu; sikuwahi kuiona. Ilijaa kioo chote, tepe juu ya tepe, fundo ndani ya fundo, kama sufu iliyochezewa na paka.

“Haya, shika wewe,” akaniambia, akinisukumia kipanya.

“Mimi? Nitaiharibu!”

“Imevumilia kutu, itashindwa kukuvumilia wewe?”

Nikavuta. Fundo likalegea, tepe zikajipanga. Tukaanzia kipande jirani na mahali jeni ilipopaswa kuwa, tukafuata taratibu, mpaka utepe ukagawanyika njia mbili, kisha ukaungana tena mbele. Njia moja ilikuwa nene. Nyingine ilikuwa nyembamba kama unywele.

“Kompyuta imependa njia ya wengi,” alisema Bohdan. “Hii nyembamba imeiona kosa.”

Akaigusa, maandishi yake yakafunguka. Jeni ya kinga ilikuwemo, nzima, haikupungukiwa hata herufi. Utepe ule ulikuwa mwembamba kwa sababu wenye kuubeba shambani walikuwa wachache: mashina yale mabichi!

Nilisogea hadi pua ikagusa kioo. Ni nani kati yetu asingesogea, akiona kwa macho yake kitu kilichosafiri kimya kutoka kwenye nyasi ya porini, kizazi hadi kizazi, hadi mlangoni mwa jalala? Bohdan naye aliacha kutafuna.

Kamati, na naishukuru kwa hilo, ilikuja ikaona, ikabatilisha uamuzi wake. Tukapanda punje za mashina mabichi pekee. Mwaka wa kutu ulipokuja, mnajua wenyewe ni ngano ipi ilibaki imesimama.

Juzi nilimpeleka Bohdan, mtu asiyetoka ofisini huyu, mpaka shamba la mkulima mwenzenu, mzee Kowalchuk. Akashuka kwenye gari, akauliza, “Ipi ni yetu?”

“Yote, kaka. Mpaka kule kwenye reli, na ng’ambo ya reli.”

Huyu mnayemjua mbele ya skrini alivua kofia, akaingia katikati ya ngano upepo ukimpiga, akawa anayagusa masuke moja moja.

Bohdan, tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.