Mama Kikombe Anastaafu, Vyoo Vyetu Vinapumzika

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkunga mkuu wa kliniki yetu ya wajawazito anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Alianza akiitwa Dada Kikombe, akapanda cheo na kuwa Mama Kikombe, na wakunga wapya wameshaanza kumwita Bibi. Kikombe chenyewe hakijabadilika.

Kwake hapiti mjamzito bila kupimwa presha na kuacha mkojo. Uwe umekuja na kichefuchefu au umemsindikiza tu rafiki yako, ilimradi una mimba, kikombe kinakuhusu. Sababu huieleza kwa kifupi: presha ikipanda na mimba imekua, figo zinaweza kuanza kuvujisha protini kimyakimya, na mwenye figo akawa wa mwisho kujua.

Foleni ya choo kimoja ilipomchosha, alimwalika katibu wa hospitali kwenye kikao, akamjazia maji bilauri baada ya bilauri, kisha akakirefusha kikao makusudi huku yeye ameketi mlangoni. Choo cha pili kiliidhinishwa wiki hiyohiyo.

Lakini kisa tunachokipenda kuliko vyote ni cha karani wetu wa mapokezi. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba aliyoisubiri kwa miaka mingi. Miguu ilikuwa imevimba na pete imegoma kutoka kidoleni, naye akasema ni kwa sababu ya kukaa sana kitini. Kikombe alikiona usumbufu. Kwa kuwa kliniki anaijua nje ndani, alimbembeleza dada wa usafi amtolee mkojo asubuhi, akauficha dirishani nyuma ya pazia, na zamu yake ilipofika akaukabidhi huku akitabasamu.

Hakujua kwamba Mama Kikombe hukishika kikombe kwa kiganja kabla ya kuchovya chochote. Hiki kilikuwa baridi. Akamuuliza, kwa upole wa kutisha, kama siku hizi kibofu chake kina jokofu. Presha nayo ilikuwa juu, karani akasingizia ngazi. Jengo letu halina ngazi.

Mkunga akampa maji, akamsindikiza hadi chooni na kusimama mlangoni akiimba, mpaka kikombe halali kikatoka. Karatasi ya kupimia ilipochovywa, rangi ya njano ikageuka kijani iliyokolea, alama ya protini nyingi, na kuimba kukaisha. Muda si mrefu karani alikuwa amelazwa wodini.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti. Kilichotutia hofu ni figo za mama yake, ambazo zilikaribia kugoma kabisa. Mama Kikombe alikataa kwenda nyumbani, akakaa kando ya kitanda ameukodolea macho mfuko wa mkojo. Mfuko ulipoanza kujaa, alitoka akaitangazia wodi nzima kana kwamba timu yake imefunga bao. Tulicheka, na wengi wetu tulilia. Dada wa usafi aliapa hatakopesha tena kitu chochote mahali hapa.

Figo zilipona polepole. Hadi leo karani hupimwa presha na figo kila mwaka, kama alivyoamriwa, na kikombe chake hukileta mwenyewe, mbele za watu, bila kupitia dirishani.

Asante, mama, kwa kutotuamini. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, ulale mpaka jua likuchoke, na wajukuu wako wakojoe wapendavyo bila kuulizwa.

Ijumaa utakabidhiwa zawadi yetu na binti wa karani, yule mtoto wa sauti kubwa, ambaye sasa amemzidi mama yake kwa urefu. Ni kikombe, ila safari hii ni cha chai, na tumeshakijaza. Tunajua utakishika kwa kiganja kwanza. Shika tu, mama. Kina joto.