Mafuta Tuliyomwekea Mgeni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, viongozi mlioongozana naye, wazee wetu, na ninyi nyote mliofika leo kwa farasi kwa kukosa namna nyingine:

KARIBU

Sisi wafugaji na wakazi wa wilaya ya Shar-Hondii tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umepokewa kwa bakuli la maziwa juu ya kitambaa cha buluu, kama inavyopasa. Aliyekupa bakuli hilo anaitwa Handsuren, yule aliyeketi mstari wa mbele na kofia mapajani. Mume wake, Choijil, alipigwa teke na farasi jana asubuhi, na mfupa wa paja umevunjika. Amelala hemani kwake ng'ambo ya mto. Mkewe amekuja kwa farasi kutafuta gari la wagonjwa, na gari lenyewe ni lile jeupe lililosimama nyuma ya jukwaa. Halina mafuta.

Hatukukwambia mlangoni kwa sababu mgeni hapewi habari mbaya kabla hajanywa. Sasa umekunywa. Daktari wetu ametuomba tusome upesi, nasi tumeondoa kurasa zote za sifa.

HISTORIA YA KITUO CHETU

Kwa miaka mingi tumekuwa na kituo kimoja cha mafuta, chenye pampu moja na tangi lililokaa juu ya mawe, na mwuzaji wake ni Yadam. Hatukuwahi kupanga foleni. Mtu alikuja na pikipiki, akajaza nusu, akapiga soga kidogo, akaenda zake. Mwenye kuishiwa njiani aligawiwa na wa kwanza kupita.

Baridi ilipokuwa inaisha, redio ilitangaza kwamba mafuta yamepanda bei huko yanakonunuliwa, ila wananchi wasiwe na wasiwasi: hapa nchini bei itabaki ileile mpaka mwezi ujao, ndipo itapanda. Tunaamini tangazo lile lilikusudiwa kututuliza.

Mheshimiwa, kuanzia siku hiyo kila mtu alitumia akili, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Wenye malori waliona kwamba kununua ghali na kuuza kwa bei ya zamani ni hasara tupu, wakaleta kidogo, halafu wakaacha kuja. Sisi nasi tuliona kwamba cha leo ni rahisi kuliko cha kesho. Aliyezoea nusu tangi akajaza tangi. Jirani yake akaleta madumu. Jirani wa jirani akaleta madebe ya maziwa. Hapakuwa na mwenye nia mbaya, lakini mafuta ya mwezi mzima yalihamia nyuma ya vitanda vyetu kabla ya wiki kwisha, na foleni ikafika shuleni.

Yadam naye akafunga pampu na kusema yameisha. Mama Dulmaa, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri na kwa maneno, alitoka kwenye foleni akaligonga tangi kwa fimbo.

"Yadam mwanangu, tangi tupu linalia kama ngoma. Hili mbona limenyamaza?"

"Mama, nikiyauza yote leo kwa bei ya jana, kesho nitanunulia nini mengine?"

"Kwa hiyo yamo."

"Yamo kidogo. Yanangoja bei."

"Haya, nasi tutangoja nayo. Niletee kiti."

Akaletewa kiti. Tulimkasirikia Yadam sana siku ile, na tunakiri kwamba tulimkasirikia huku tumekalia madumu yetu wenyewe. Kisha tarehe ya kupandisha bei ikasogezwa mbele, na baadaye ikasogezwa tena, na kila iliposogezwa foleni ilirefuka. Akiba za majumbani zilikwisha tulipohamisha mifugo. Bei bado haijapanda, na malori bado hayaji.

MAFANIKIO

Yapo. Farasi waliokuwa wamenenepa bure wamepata kazi. Vijana wawili waliogombania nafasi kwenye foleni wamechumbiana, na ugomvi unaendelea. Tumejifunza pia kwamba debe lililowekwa petroli halioshwi likatakata. Kiwanda cha maziwa kimeturudishia maziwa yetu mara kadhaa, na kama bakuli lako lilikuwa na harufu, hukukosea. Tuliyachagua yaliyo bora.

Zaidi ya yote, leo unatufungulia kituo kipya chenye paa jekundu na pampu mbili zinazong'aa. Tunashukuru kwa dhati. Tunasema tu, kwa heshima zote, kwamba hatukupanga foleni kwa uchache wa pampu.

CHANGAMOTO

Tunayo moja, na tumeitengeneza wenyewe.

Tuliposikia unakuja na magari manne, kamati yetu ilimfuata Yadam ikamwambia mafuta yaliyobaki yasiuzwe kwa mtu yeyote, kwa bei yoyote. Itakuwa aibu gani mgeni akwame Shar-Hondii? Yadam alikubali bila ubishi. Ndiyo mafuta pekee yaliyopo wilayani, na ni yako.

Leo asubuhi dereva wa gari la wagonjwa alikwenda pale na Handsuren. Yadam aliwaonyesha kufuli, akasema, "Dada yangu, yangekuwa yangu ningekupa. Haya ni ya mgeni." Handsuren hakubishana. Angekuwa yeye mwenye tangi angesema vivyo hivyo, na hilo ndilo linalotuuma. Kilichowekewa mgeni hakiguswi mpaka mgeni mwenyewe aseme. Mkokoteni wa ngamia ungefika kwa Choijil jioni na kumrudisha kesho, na daktari anasema mguu ule haungoji kesho.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika mengi. Tunayapunguza. Bei ikibidi kupanda, ipande siku ileile inapotangazwa, na ipande kidogo kidogo, ili asiwepo wa kuwahi wala wa kungoja. Na katika kila tangi, jipya na la zamani, pawe na sehemu ya gari la wagonjwa isiyouzwa wala kuwekewa mgeni yeyote, hata awe mkubwa kiasi gani.

La tatu ni la sasa hivi. Tunaomba mafuta yako. Tukiyatoa, huenda magari yako mawili yakalala hapa mpaka lori lije, na wenzako watakula nyama yetu na kulala kwenye mahema yetu. Tunao farasi wapole kwa atakayekuwa na haraka.

Huna haja ya kujibu kwa hotuba. Yadam amesimama kulia kwako, ufunguo wa kufuli anao mkononi. Mtazame, umtikisie kichwa. Tutakaa kimya mpaka gari jeupe lipite, kisha utakata utepe.

Mbingu ya buluu ikufunike, mifugo yako iongezeke, na njia yako iwe nyeupe kwenda na kurudi.

Ni sisi, wafugaji na wakazi wa Shar-Hondii.

Handsuren, vaa kofia yako.