Mkono wa Kushoto wa Mume Wangu

Ndugu zangu, nawaambia mapema: nikipotea katikati ya maneno, msinitafute. Nitarudi mwenyewe. Kupotea nimezoea tangu tulipofukuzwa Kampala tukashuka hapa London, Wahindi wa watu, tumevaa makoti ya kupewa, na mimi nimepakata sufuria kana kwamba Waingereza hawapiki.

Mimi ni mtu wa ndani. Kule hata sokoni alikwenda mume wangu. Hapa mtaani Hounslow naye akawa ndiye macho yangu ya nje: akienda kazini uwanja wa ndege, nafunga pazia; akirudi ananisimulia dunia. Ndoa nzuri hiyo, enyi mnaocheka huko nyuma.

Kisha kiharusi kikampiga, akaanguka bafuni. Upande wote wa kulia ukafa, maneno yakawa yanamtoka moja moja. Hospitalini nikakaa kando ya kitanda nisijue nishike nini. Nikimlisha mimi, anakula. Nesi akimtia kijiko mkononi, anakitupa. Kesho yake tena, uji ukutani. Ni hasira? Akili imeruka? Sikujua. Akaja daktari, akazungumza nami harakaharaka. Nilisoma sekondari, Kiingereza cha kitabuni ninacho, lakini yule hakuzungumza kama kitabu. Nikajibu "yes". Akauliza tena. "Yes." Nilikuwa na adabu sana siku ile.

Jirani yangu, mama wa Kipemba, alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa. Daktari alipotoka, akanivuta kando.

"Shoga, unajua umekubali nini?"

"Sijui. Si dawa?"

"Dawa! Umekubali mumeo apelekwe nyumba ya wagonjwa, nje ya mji, akakae hukohuko moja kwa moja. Wanasema hawezi kula mwenyewe, na akili hana."

Nikarudi kitandani kwake. Siku zote hizo nilikuwa nikiuliza watu habari zake. Hapo ndipo nilipomuuliza mwenyewe.

"Baba watoto, kijiko kimekukosea nini?"

Akahangaika, mate yanamtoka. "Mkono... huu?" Akautazama wa kushoto. "Mbele... za watu?"

Ndugu zangu, nyinyi hamhitaji kuelezwa. Mkono wa chooni! Utotoni alichapwa kwa kuushikia mkate. Nesi angejulia wapi? Ila mimi, niliyelelewa vilevile, ilinipitaje?

Jirani akamwambia mwenye udhuru halaumiwi. Mume wangu akageuza uso ukutani. Basi sijui nini kilinipanda kichwani: nikavuta sahani yake, nikala kwa mkono wa kushoto, vidole vitupu, mbele ya wodi nzima. Viazi vya kuponda vikaniingia puani.

"Unakula... kama... ndama," akasema. Akacheka mdomo upande.

"Basi nionyeshe wewe fundi!"

Akashika kijiko. Kikatetemeka, nusu ilimwagikia kifuani, nusu ikafika. Jirani akakimbia kumwita nesi, nesi akamleta daktari. Safari hii sikungoja swali. Nilisema "no" mpaka wagonjwa wakaamka.

Ikafutwa ile safari ya nje ya mji, mume wangu akarudi nyumbani. Huyo hapo mstari wa mbele, anakula sambusa kwa kushoto na ananikonyeza nimalize. Yule jirani namshukuru, na nesi aliyeokota vijiko bila kununa, nanyi mliompandisha ngazi jioni hii, yeye na kiti chake cha magurudumu, huku akiwaamuru kama makuli wake.

Funzo? Mimi nani nifunze mtu? Bado sijui kati yetu nani anamtunza nani. Asubuhi namvika soksi, naye ndiye anayeniambia nimemvika za rangi mbili. Ninalolijua ni dogo: kabla hujamjibia mgonjwa wako, muulize yeye. Jibu litachelewa, litatoka na mate. Lisubiri.