Mstari wa Tiketi

Basi la kwenda Barnsley lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Lorna Hebden (jina nililisoma kwenye faili alilolipakata) alikuwa ametoka mahakama ya familia, na sasa alikuwa akimweleza bibi mmoja asiyemjua kwa nini kesi ya watoto wake imeahirishwa.

"Wakili alipanga visa alivyonifanyia aliyekuwa mume wangu kwenye jedwali, kila kisa mstari wake. Hakimu kasema anataka kuona mwenendo mzima, si vipande."

"Alikupiga, mwanangu?"

"Hajawahi. Kila nikirudi alikuwa anasoma maili za gari, ajue nimefika wapi. Akaliuza gari, ikawa lazima nimwonyeshe tiketi ya basi, ile yenye saa."

"Sasa tiketi nayo ni kesi? Marehemu wangu alikuwa na wivu kuliko huyo."

"Alikuwa anakudai tiketi?"

"Angethubutu! Angelala na njaa." Bibi alicheka, peke yake. "Lakini hakimu atashika nini hapo?"

"Ndiyo shida ya mstari mmoja. Ukiusoma wenyewe, hata mimi naona ni upuuzi."

"Na mmeachana lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Basi si umeshasahau?"

"Nimesahau," alisema Lorna. Basi lilisimama. Kabla ya kuinuka alitoa tiketi yake, akatazama saa iliyoandikwa, akaikunja vizuri na kuirudisha kwenye pochi.