Theodora Prosper ni Nani?

Benchi la Ma Titine, muuza kakao, liko chini ya mshelisheli, pale barabara ya kijiji cha Anse Mahot inapochoka kupanda, na wanaolikalia wana sauti za kuamsha waliozikwa juzi. Asubuhi hiyo Gavana alikuwa kafunga tai. Gavana huyu, ambaye maishani hajatawala hata kuku wake, alisubiri gari la serikali limpeleke mjini kumpokea Theodora Prosper, mwandishi wa riwaya aliyeshinda tuzo kubwa ng'ambo, mzaliwa wa hapo hapo kijijini. Alipewa kiti garini kwa sababu alipiga simu redioni akasema kamlea kwa mikono yake. Tatizo lilikuwa dogo tu: hakujua ni nani. Kwetu jina la cheti hulisikii mpaka redio itangaze kifo chako, na hata hapo mtangazaji asipomalizia "maarufu kama Mjusi", hakuna anayelia.

— Prosper yupi sasa? Pilato mwashi aliuliza. Mimi Prosper. Ma Titine Prosper. Nusu ya makaburi yale Prosper.

— Fikirini, jamani, gari linakuja, alisema Gavana. Redio imesema kaondoka na miaka kumi na sita, kasafisha sakafu za hospitali kule Uingereza, usiku anaandika. Riwaya saba.

— Huyo ni Kasuku, alisema Ma Titine, akikoroga kakao sufuriani. Alianza kuongea tumboni. Wahenga hawakukosea, debe tupu haliachi kuvuma. Ona alivyovuma mpaka Ulaya.

— Kasuku si yule pale anauza samaki?

Ma Titine aligeuka, akamwangalia Kasuku kwa muda.

— Basi kawahi kurudi.

— Mimi nasema Bata, alisema Pilato. Alitembea taratibu, na mwenda pole hajikwai.

— Bata alikuwa mwanamume, Pilato.

— Ng'ambo kuna baridi, Gavana. Watu wanabadilika.

Gavana alijifuta jasho kwa ncha ya tai.

— Nyie mnanichanganya. Mimi sura yake naiona kabisa. Nilimfundisha herufi, hapa hapa, kwa mkaa.

— Wewe? Ma Titine alicheka. Herufi A yenyewe unaijua kwa sababu inafanana na ngazi.

— Nawaambia siri, Pilato akashusha sauti. Hajazaliwa hapa. Kule London hakuna anayemsoma mtu wa London, kwa hiyo wananunua kijiji cha kuzaliwa. Kanunua chetu.

— Kwa nani? Ma Titine aliuliza. Mbona mimi sijapata kitu?

Walikuwa bado wanatafuta nani kauza kijiji, gari jeusi likasimama. Dereva alishuka, akapewa kikombe cha kakao, akanywa amesimama.

— Aliyemlea mama mwandishi ni nani?

— Mimi, alisema Gavana, akanyoosha mgongo.

— Vizuri, mzee. Ana swali moja, kasema nimpelekee jibu kabla ya sherehe. Hapa kijijini mlikuwa mnamwita nani?

— Kwani mwenyewe hajui?

— Anasema majina yenu anayakumbuka yote. Gavana, Pilato, Kasuku. La kwake hakumbuki kulisikia.

Hapo ni mahali ambapo hata kuku kilema aliitwa Admirali. Gavana alifungua mdomo, mdomo ambao haujawahi kumwangusha, akasubiri uongo uje wenyewe kama kawaida yake. Kilichokuja ni kumbukumbu ya kitoto cha kike, chupa ya mafuta ya taa mapajani, kimekaa kwenye ngazi ya duka nyuma yao. Kilitumwa mafuta, kikabaki kusikiliza ubishi hadi giza. Kila jioni. Na neno alilokuwa akikiambia lilikuwa moja tu: we, sogea, unanizibia upepo.

— Mzee? Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Nimwambie nani?

Gavana alianza kuilegeza tai.

— Ma Titine, alisema, hebu nimiminie kakao kwanza.

— Imekwisha, Gavana.