Bwana Alivyonifungua Masikio kwa Bendi ya Nusu Kilo

Bwana asifiwe! Naona wengine mnajibu polepole. Asifiwe tena basi, mpaka walioketi karibu na mlango wasikie!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Baba Neema, yule wa gitaa, hapo kushoto kwa mimbari, miaka kumi na minne sasa. Na habari zangu mmezisikia. Mmesikia kwamba nimeingia bendi ya punk na mvi zangu hizi, muziki wa kelele, watu wanaruka kama wamekalia siafu. Ni kweli, sikatai. Nimesimama hapa kuwaambia kwamba ni huko huko Bwana alikonipata.

Kwanza nikiri nilivyokuwa. Nimepiga gitaa tangu nilipotoka Bungoma nikiwa kijana: harusi, matanga, hoteli za mjini, kila mahali. Nilikuwa na masikio makali, nami nilijivunia. Mtu akikosea noti moja tu, namgeuzia uso. Msijifanye hamuujui uso huo! Ndugu yetu wa kinanda aliuona mpaka akahamia kanisa lingine. Nilijiambia kwamba natunza kazi ya Mungu. Uongo mtupu. Kilikuwa kiburi kilichovaa suti ya Jumapili.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye uzito. Katika kanisa letu, yeyote aliyeguswa husimama akaanzisha wimbo kwa sauti aliyopewa na Mungu, na kazi ya mpiga gitaa ni kumtafuta na kumfuata. Jumapili moja mke wangu, Mama Neema, alisimama kuanzisha. Alianzia juu, katikati ya noti mbili, mahali ambapo gitaa langu halifiki. Badala ya kumtafuta, nilisimamisha muziki wote. Nikampigia noti ninayoitaka mimi, mara moja, mara mbili, mara tatu, mbele yenu wote. Mama Neema akaketi.

Hakuimba tena. Si hapa tu, ndugu zangu, hata nyumbani! Yule mama alikuwa akiimba anapokata sukuma wiki, anapofua, anapomsuka Neema nywele. Miaka tisa katika nyumba yetu pale Dagoretti zilisikika sufuria na redio ya jirani tu. Na mimi, mpumbavu nisiye na mfano, nilidhani mke wangu amekuwa mtulivu.

Roho ile ya kukosoa ikazidi. Kwenye harusi moja huko Lavington nilisimamisha wimbo bibi harusi akiwa anaingia, eti nimsahihishe mpiga besi. Bibi harusi akabaki mguu mmoja hewani. Nilifukuzwa siku hiyo hiyo. Habari zikaenea kwa wanamuziki wote, na simu yangu ikanyamaza. Nusu mwaka mzima hakuna bendi iliyoniita.

Ndipo rafiki yangu Wekesa, mpiga dramu wa siku nyingi, alipokuja kuniambia kwamba anaanzisha bendi ya punk na mama mmoja aitwaye Adhiambo, mwimbaji na mpiga besi. Adhiambo ameitikia waimbaji wa hoteli miaka ishirini na mitano bila jina lake kutajwa hata mara moja. Nikamuuliza Wekesa punk ni nini. Akasema ni wimbo wa dakika mbili, vidole vinakaa mahali patatu tu, na unasema kilicho moyoni. Nikacheka kimoyomoyo. Kazi rahisi hiyo, nikasema, hawa watafundishwa na mimi.

Mazoezi tulifanyia kwenye stoo nyuma ya bucha, si mbali na machinjioni, na ndiyo sababu bendi ikaitwa Nusu Kilo. Na tulishindwa! Watu watatu tuliozeeka kwa kazi hii, tulishindwa na wimbo wa dakika mbili! Kila unapokaribia kuisha, vidole vyangu vinaingia sebene vyenyewe, lile gitaa refu la kuchezesha watu, Wekesa ananifuata, dakika ya saba bado tunapepeta. Mazoea yana taabu. Tukimaliza, namgeukia Adhiambo: hapa umepanda, pale umeshuka, pale umechelewa. Siku moja aliweka besi yake chini akanitazama.

"Baba Neema, wewe watu huwasikii," akasema. "Unasikia tu makosa yao."

Hakupaza sauti. Nilikwenda nyumbani nimenuna, nikamkuta mke wangu jikoni akikata sukuma kimya kimya, na lile neno likanichoma. Nilijaribu kuomba. Sikujua hata nianzie wapi.

Onyesho letu la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana huko Kilimani, kwenye ua wa jengo moja la ofisi. Vijana wa kazi nzuri nzuri walijaa. Mama Neema naye akaja, na kitambaa chake cha ushirika wa akina mama kichwani, akasimama kule nyuma. Sikujua kama amekuja kuniunga mkono au kunichunga.

Wimbo wa tatu, uzi mmoja wa gitaa ukakatika. Nyingine zikalegea, na kila nilichoshika kikatoka kibaya. Mkono wangu ukainuka kusimamisha bendi, kama ilivyokuwa desturi yangu. Wekesa hakunitazama. Adhiambo alikuwa amefumba macho, ameng'ang'ana na kiitikio, "Bado tupo!" na watu wakimjibu, kila mtu na noti yake. Na katikati ya watu wale nikaona mdomo wa mke wangu uko wazi. Alikuwa anaimba! Baada ya miaka tisa!

Ndugu zangu, nikasema moyoni, Bwana, nikisimamisha wimbo huu nitakuwa nimemfunga mdomo mara ya pili. Nikaurudisha mkono kwenye gitaa. Nikayapiga yale makosa yote, kwa nguvu zangu zote, mpaka mwisho, huku nacheka na kulia. Dakika mbili kamili! Kuna kitu kilinitoka kifuani mchana ule. Sijui nikiite nini, lakini hakijarudi mpaka leo. Haleluya!

Tulipofika nyumbani nilipiga magoti pale jikoni nikamwomba msamaha kwa ile Jumapili. Aligeuza chapati kwanza.

"Nilikusikia ukikosea leo," akasema. "Ilikuwa tamu sana."

Tulicheka mpaka chapati ikaungua, tukaila hivyo hivyo. Ndugu wa kinanda naye nimemwendea nikamwomba msamaha. Amesema atafikiria, na ana haki yake.

Namshukuru Mungu, namshukuru mchungaji kwa nafasi hii, namshukuru Adhiambo aliyeniambia ukweli. Na wewe uliyenyamazishwa, na mimi au na mwingine yeyote, nakusihi umtumaini Bwana kwa sauti hiyo hiyo uliyo nayo. Koo hilo ni yeye aliyeliumba. Hajawahi kumwambia mtu arudie kutoka mwanzo.

Sasa nikae, nishike gitaa. Leo asubuhi mke wangu ameniambia ana wimbo. Mama Neema, simama. Anzia popote unapotaka, mimi nitakutafuta mpaka nikupate.