Hanus Aliyengoja Injini Zinyamaze

Majirani zangu, ndugu wa vijiji vya Fámjin na Vágur, nanyi mliovuka kwa feri asubuhi hii, mimi Sunnuva, mkewe, ndiye nitakayewasomea maisha ya marehemu Hanus Mortan Thomsen, kwa kuwa binti yetu amejaribu mara mbili na sauti ikamkatika.

Hanus alizaliwa tarehe 11 Februari 1951 hapo Fámjin, mtoto wa tatu wa mvuvi Poul Thomsen na mama Elspa, akasoma shule ya kijiji hadi kipaimara, kisha mwaka 1966 akapanda meli za uvuvi za Greenland, kazi yake kupaka mafuta injini, na huko sikio lake la kushoto likafa.

Tulifunga ndoa tarehe 8 Juni 1974, na mama yangu aliniuliza nikiwa nimeshavaa, "Wewe, huyo mwanamume ananuka mafuta hata akitoka kuoga, utamweza?" nikamjibu, "Mama, heri anuke mafuta kuliko pombe," akacheka mpaka akaniharibia shela.

Mwaka 1976 aliajiriwa kituo cha umeme cha kisiwa chetu, kilicho jirani na nyumba yetu, akazihudumia injini za dizeli hadi alipostaafu mwaka 2018, na hata baada ya hapo walipopungukiwa watu walimwita, naye akaenda. Tulijaliwa mtoto mmoja, Rannvá, tarehe 3 Oktoba 1979, aliyelala kwa mngurumo ule kama wenzake wanavyolala kwa kubembelezwa, na alipokua akauchukia, akaenda Denmark kusomea umeme wa upepo.

Mwaka 2014 alirudi na mitambo ya upepo, meli ikashusha mapangaboi marefu kuliko kanisa hili, na baba yake akamwambia pale bandarini mbele za watu, "Mwanangu, huo upepo wako umekuja umebebwa mgongoni na mafuta yangu," naye akamjibu, "Ndiyo mara ya mwisho, Baba, jiandae kuuza vyuma chakavu," Hanus akasema, "Amina, hata kesho." Watu walidhani anatania, lakini mimi niliyelala naye najua, mtu huyu alitamani siku moja, moja tu, injini zile zinyamaze zote, akae mlangoni na sikio lake moja lililobaki, akisikie kisiwa kama alivyokisikia utotoni, bahari, kondoo, na mtu akikohoa ng'ambo ya ghuba.

Kila mwaka Rannvá alimwambia, "Mwakani, Baba," nasi tukangoja, lakini upepo ukilala taa zetu ni za dizeli, na hata ukivuma, injini moja huachwa izunguke ili umeme usiyumbe, maana upepo ni mgeni asiyeaga.

Februari 2023 mapafu yalimzidi, akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni nyumbani, nayo inakula umeme. Novemba ukatua ukungu, mapangaboi yakasimama kule mlimani, Rannvá akawa anatazama dirishani, anatazama mashine ya baba yake, kisha akaninong'oneza, "Mama, leo naomba moshi ule wa dizeli usikatike," akalia. Hanus aliweka kiganja ukutani, akaisikia injini kwa mkono, akasema, "Hiyo namba tatu, ina kikohozi kama changu," halafu akamshika binti yake, "Usione haya, mwanangu. Usiizike ikiwa bado inahitajika, ila uizike." Alituacha asubuhi ya tarehe 19 Novemba, injini ikinguruma.

Tunamshukuru daktari na muuguzi waliopanda kwetu kwenye utelezi, majirani mlioleta nyama kavu ya kondoo na jamu hata sina pa kuziweka, na wenzake wa kazini, hasa wale wawili ambao hawapo hapa, wako zamu kwenye injini kwa kuwa hewa bado imetulia, na kinanda mlichokisikia sasa hivi kinapumua kwa mikono yao.

Nina ombi. Siku injini zile zitakaponyamaza, huenda nami sitakuwapo, basi mmoja wenu apande makaburini, asiseme neno, asimame tu karibu naye mpaka kimya kile kimfikie.

Pumzika, Hanus wangu, mimi bado nasikiliza.